Simu aliyoninunulia mume wangu inaniumiza kichwa, naye anadhani nina mwingine

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Mwanza. Nauza vitenge. Zamani nilikuwa na meza Makoroboi, lakini siku hizi wateja wangu karibu wote wako kwenye simu. Asubuhi napiga picha mzigo na kuuweka stetasi, mchana nafungasha na kupeleka stendi, usiku watoto wakilala ndiyo najibu meseji. Kwa siku sidhani kama simu inakaa mkononi mwangu chini ya saa saba.

Desemba iliyopita kikoba cha mume wangu kilivunjwa, akaninunulia simu. Sikumwomba. Yeye ni fundi magari huko Nyakato, si mtu wa zawadi, na katika miaka 16 ya ndoa hii ndiyo ya kwanza ya maana. Aliificha ndani ya doti la khanga. Simu ya laki nane na nusu, kioo kinang'aa mpaka kitenge kwenye picha kinaonekana kizuri kuliko kitenge chenyewe. Shangazi, nililia.

Haikupita wiki mbili, kichwa kikaanza. Kinaanzia nyuma ya macho, kinapanda kwenye nyusi, halafu kinagonga huku pembeni. Macho yanakuwa kama yametiwa mchanga. Kibaya zaidi ni usiku, maana nalala na mtoto mdogo, kwa hiyo nazima taa, nashusha mwangaza wa simu mpaka mwisho ili nisimwamshe, najibu wateja. Nusu saa tu, nasikia kichefuchefu kama niko kwenye meli ya Bukoba.

Nimepima malaria, hakuna. Presha nzuri. Mama mmoja wa jirani akasema ni mwanga wa bluu, nikanunua miwani ya kuzuia mwanga huo kwa machinga, elfu 25, haikusaidia kitu. Wifi yangu anasema kuna mkono wa mtu, ati tangu nipate simu watu wana macho. Dawa za maumivu sasa nameza, wiki haipiti bila siku nne au tano.

Mwezi wa pili simu ilianguka, ikakaa kwa fundi siku sita kusubiri kioo cha juu. Nikatoa kabatini simu yangu ya zamani, ile ya bei rahisi, kona imepasuka. Shangazi, zile siku sita kichwa hakikuniuma hata mara moja. Nikasema labda bahati. Simu mpya iliporudi, siku ya pili tu nikawa nimelala na kitambaa usoni.

Nilimweleza mume wangu. Akacheka. Akasema, "Simu ya bei hiyo ndiyo ikuumize, ile ya elfu tisini ikuponye?" Aliyetuuzia naye alisema kioo hiki ni cha hezi 120, hakiwezi kuumiza macho. Nikaona aibu kuendelea kulalamikia zawadi. Basi nikaanza kuitumia ile ya zamani usiku kwa siri. Laini yangu ya pili ya biashara nimeiweka humo, naichaji jikoni nyuma ya ndoo ya unga.

Wiki iliyopita ameikuta. Imewaka meseji saa tano na nusu usiku, "Mamii upo?" Ni mteja wa Geita, mwanamke mwenzangu, alitaka pea tatu. Mume wangu hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliuliza tu, "Hii ya kuongea na nani?" Nilipomwambia ni kwa sababu ya kichwa, aliniangalia kama mtoto aliyesema paka ndiye aliyekula nyama. Leo siku ya tisa hatuongei ila habari za ada na umeme.

Na mimi mwenyewe nimeanza kujishuku. Je, simu nzuri inaweza kuumiza kichwa kweli, au nina ugonjwa mwingine? Nitaje na hili, pengine halihusiani: tangu utotoni nikisafiri kwa basi jioni, jua likiwa linapita katikati ya miti, kichwa hunishika. Na kuna kitenge kimoja cha mistari myembamba myeusi na myeupe, nikikipanga na kukitazama sana kinanicheza machoni, wasaidizi wangu wananicheka. Siku hizi pia namba za kutuma pesa nazisoma nimenyoosha mkono.

Nisaidie, Shangazi. Nimrudishie simu yake?

Mwenye Simu Mbili, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Usimrudishie bado, na wala usijishuku. Ulichodhani hakihusiani ndicho kilichonifumbulia barua yako: jua katikati ya miti na kile kitenge cha mistari. Nitakuja huko.

Tuanze na kioo. Simu yako ya zamani, kwa bei uliyoitaja, karibu hakika ina kioo cha LCD. Hicho kina taa nyuma yake, kama pazia lenye dirisha. Hiyo mpya, kwa jinsi unavyozisifia rangi zake, ni ya OLED, ambayo wauzaji wengi huandika AMOLED kwenye boksi. Hapo hakuna taa ya nyuma. Kila nukta ya kioo inawaka yenyewe. Ndiyo maana weusi wake ni weusi wa kweli na vitenge vyako vinapendeza.

Tatizo linaanza unaposhusha mwangaza. Nukta hizo zikipewa umeme kidogo sana, rangi zinaharibika, sehemu moja inakuwa na wekundu, nyingine ukijani. Kwa hiyo watengenezaji wengi wanafanya ujanja: nukta inaachwa iwake kwa nguvu, lakini inazimwa na kuwashwa haraka haraka, na jicho lako linajumlisha mwanga na giza kuwa mwanga hafifu. Fikiria mtoto anayechezea swichi ya taa sebuleni, ila huyu anabonyeza mara 240 kwa sekunde. Hiyo 240 ndiyo hezi, yaani idadi ya mara kwa sekunde, ya simu nyingi za OLED zilizouzwa miaka ya nyuma, zikiwemo za bei kali. Na hapa ndipo usiku wako ulipo: kadiri unavyoshusha mwangaza, ndivyo kipindi cha giza katika kila mzunguko kinavyorefuka. Kioo ulichokishusha mpaka mwisho, ndani ya chumba chenye giza, ili mtoto asiamke, kinatumia muda mwingi kikiwa kimezimika kuliko kikiwa kimewaka. Umekuwa ukiitumia simu hiyo katika hali yake mbaya kuliko zote.

Utaniuliza, mbona sioni ikizima? Hakuna anayeona akiitazama imetulia. Lakini macho yasomayo hayatulii. Unaposoma meseji, jicho halitelezi juu ya mstari, linaruka kutoka neno hadi neno, na mruko mmoja huchukua kama sehemu 30 za elfu ya sekunde. Katika muda huo kioo cha hezi 240 kimewaka na kuzima mara saba. Ubongo unapokea msururu wa picha badala ya ukungu mmoja laini, nawe hujui, unajua tu kwamba umechoka.

Hili la taa kuumiza watu kimyakimya si jipya. Mimi nimepiga chapa ofisini miaka mingi chini ya taa za tyubu, zile za choki na stata, na nusu ya wanawake wa chumba chetu walikuwa na vidonge kwenye droo. Tulidhani ni kazi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa hizo hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Mwaka 1989 mtafiti wa Uingereza, Arnold Wilkins, na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya ofisini: walibadilisha vifaa vinavyoendesha taa hizo ili zipepese makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, wafanyakazi wasiambiwe ipi ni ipi. Maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Na wengi hawakuwa na shida kabisa kabla wala baada; unafuu uliwashukia wale wachache waliokuwa wakiugua mara kwa mara.

Hao wachache ndio wewe. Jua linalokatwa na miti ukiwa ndani ya basi ni mwanga unaowaka na kuzima. Mistari myembamba myeusi na myeupe, jicho likiruka juu yake, huuchosha ubongo kwa namna inayofanana. Watu wenye kipandauso, au wenye mwelekeo nacho hata kama hawajawahi kuitwa hivyo na daktari, ndio mara nyingi vitu hivi huwashika. Wasaidizi wako wanacheka kwa sababu wao kitenge kimetulia. Kwako kinacheza kweli.

Sasa yule muuzaji. Hezi 120 aliyokutajia ni idadi ya mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde, ndiyo inayofanya ukipangusa kurasa zinateleza kama siagi. Haihusiani na kasi ya kuwaka na kuzima. Simu inaweza kuwa na 120 nzuri kabisa upande huo na 240 yake ikaendelea kukugonga. Sidhani alidanganya kwa makusudi, hata yeye ameambiwa namba kubwa ni nzuri akaishia hapo. Chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, IEEE, kilitoa mwongozo mwaka 2015 kuhusu taa za LED. Kwa hesabu ya mwongozo huo, mwanga unaozimika kabisa kila mzunguko unahitaji kufika kama hezi 1,250 ndipo uhesabiwe wa hatari ndogo, na takriban 3,000 ndipo usiwe na athari inayoonekana. Linganisha na 240.

Maneno yangu hayatamshawishi mtu ambaye hajaongea nawe siku tisa, kwa hiyo iache simu ijishuhudie yenyewe. Usiku zima taa za chumba. Fungua ukurasa mweupe mtupu, shusha mwangaza mpaka mwisho. Chukua kalamu au kijiti, kipunge haraka kushoto na kulia mbele ya kioo, kama unafukuza nzi. Ukiona kivuli kimoja kilichofutika, mwanga umetulia. Ukiona kalamu nyingi zimejipanga kama meno ya kitana, mwanga unakatika. Kisha pandisha mwangaza juu kabisa, punga tena. Kisha fanya na simu ya zamani. Ukifanya peke yako utaona, lakini fanya na yeye ameketi hapo, na kalamu aishike yeye.

Kama simu yake ina kamera yenye hali ya kitaalamu, ile inayokuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, aweke 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi, aielekeze kwenye kioo chako. Mstari mmoja mwembamba unaopita si hoja, vioo vingi vya OLED huwa nao. Angalia mistari mipana myeusi, na angalia inavyonenepa ukishusha mwangaza. Hapo atakuwa anaona kwa macho yake kile ambacho ubongo wako umekuwa ukikilalamikia miezi yote hii.

Yeye ni fundi magari, umebahatika. Mwambie hivi: ni kama flasha ya indiketa iliyoharakishwa mpaka jicho lisiione. Atakuelewa kuliko sisi sote. Bila shaka ameshawahi kuona taa za nyuma za LED za magari mapya, usiku ukigeuza macho ghafla, zinavyoacha vitone vyekundu hewani badala ya mstari. Ni ujanja uleule. Mume anayekataa maneno ya mkewe hukubali upesi kitu kinachofanana na kazi yake. Mimi sipendi kwamba iko hivyo, lakini iko hivyo.

Na hapo ndipo nikukemee kidogo. Kichwa chako hakikuwa uongo, lakini ndoo ya unga ilikuwa. Weka upande wake: mtu anadunduliza mwaka mzima, anaficha zawadi kwenye khanga, anaambiwa inaumiza, anacheka kwa sababu anaona haya, kisha anakuta simu ya siri yenye "Mamii upo" saa tano na nusu usiku. Kabla ya kalamu na kamera, muombe radhi kwa kuificha. Usimuombe radhi kwa kuumwa. Mpe ile simu ya zamani mkononi, fungua meseji zote za wateja, mwache asome bei za vitenge mpaka achoke. Mwambie zawadi uliipenda, na sema neno hilo kwanza, kabla ya neno "lakini".

Kucheka kwake nako hakukuwa sawa, na atakapokuwa ameona zile kalamu nyingi unayo haki ya kumwambia.

Turudi kwenye simu, kwa maana huenda inaokoleka. Usiku usishushe mwangaza wa kawaida chini ya nusu. Uweke juu, halafu utumie kipunguzio cha pili. Kwenye Android kuanzia toleo la 12 simu nyingi zina, ndani ya Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, kipengele cha kufifisha skrini kuliko kiwango cha kawaida. Kwenye iPhone kipo cha kupunguza makali ya rangi nyeupe, pia ndani ya Ufikivu, upande wa skrini na maandishi. Hivi vinazitia kivuli rangi zenyewe, na ile swichi ya mtoto sebuleni inabaki katika hali yake ya mwangaza wa juu, ambapo giza ni fupi. Angalia pia kama simu yako ina swichi ya kuzuia kupepesa kwenye mipangilio ya skrini. Baadhi ya Xiaomi na Motorola zinayo, na rangi zikibadilika kidogo gizani usishtuke. iPhone 17 za mwaka 2025 nazo zimewekewa ya kwao, jambo ambalo lingetusaidia sana kama lingekuja mapema: iPhone ya kwanza ya OLED, iPhone X, ilitoka 2017 na watu wamelalamika tangu wakati huo.

Washa taa ndogo ya chumbani, igeuzie ukutani. Mtoto atazoea ndani ya siku tatu. Kioo kinachong'aa peke yake gizani kinachosha hata kama hakipepesi.

Fanya hivyo wiki mbili, uandike. Unalo daftari la madeni, chukua ukurasa wa nyuma: tarehe, simu gani, saa ngapi ulikaa nayo, kichwa kilianza lini, umemeza nini. Zile siku sita za fundi zilikuwa jaribio zuri kuliko vipimo vyote ulivyolipia, ila zilikuja kwa bahati na hukuziandika. Safari hii ziandike.

Miwani ya machinga weka pembeni, au mpe mtoto aigizie. Mwaka 2023 shirika la Cochrane, linalokusanya tafiti za tiba na kuzipima, lilipitia majaribio 17 ya miwani ya kuchuja mwanga wa bluu, na halikupata kwamba inapunguza uchovu wa macho wa kompyuta kwa muda mfupi kuliko miwani ya kawaida. Wewe unahitaji miwani nyingine kabisa. Mtu wa miaka 41 anayesoma namba akiwa amenyoosha mkono ameanza uzee wa macho, samahani kwa neno, lenzi ya jicho inakakamaa umri huo na hakuna aliyepona. Kila unapojilazimisha kusoma karibu, misuli ya jicho inabeba mzigo. Kioo kinachopepesa juu ya macho yanayohitaji miwani ni mizigo miwili kichwani pamoja. Nenda kitengo cha macho cha hospitali ya wilaya au mkoa, upimwe kusoma karibu na mbali, na uombe wakupime presha ya macho ukiwa hapo, kwa kuwa baada ya 40 inafaa kuijua hata usipoumwa. Macho ya mchanga ni kwa sababu tukikodolea kioo tunasahau kupepesa kope. Funga macho taratibu kila ukimaliza kumjibu mteja mmoja, na kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita sita au zaidi.

Lililonitia hofu zaidi katika barua yako ni dawa. Siku nne au tano kwa wiki ni siku 16 mpaka 20 kwa mwezi. Dawa za maumivu zenyewe huzaa kichwa: za kawaida kama parasetamo zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, zile za mchanganyiko siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, ubongo unazizoea na kila zinapoisha mwilini kichwa kinarudi kudai nyingine. Unaweza kuuza simu leo na kichwa kikabaki kwa ajili ya vidonge. Vile vya mchanganyiko vyenye diklofenaki vinaumiza pia tumbo na figo. Mwoneshe daktari daftari lako, mpange namna ya kupunguza. Wiki ya kwanza ya kuacha huwa mbaya, ujue mapema usije ukadhani wifi yako alikuwa sahihi.

Kuhusu wifi, yeye aseme anavyosema. Mkono wa mtu usingekaa kwa fundi siku sita.

Yapo maumivu ambayo hayangoji daftari. Kichwa kinachokuja ghafla kama umepigwa nyundo, kikali kuliko chochote ulichowahi kupata. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Mkono au mguu kufa ganzi, maneno kukwama, jicho kupoteza uoni, jicho jekundu lenye maumivu na duara za rangi kuzunguka taa. Kichwa kinachokuamsha alfajiri na kutapika, kinachozidi siku hadi siku, kinachozidi ukikohoa. Kimoja kikitokea ni hospitali siku hiyohiyo, haidhuru una simu gani mkononi.

Ikiwa baada ya wiki mbili simu mpya bado inakugonga hata ikiwa na mwangaza wa juu, basi wewe na kioo hicho hamuwezani, na si aibu. Igaweni kazi. Simu hiyo iwe ya picha, mchana, nje, mwangaza juu mwisho, uitumie dakika tano tano. Kamera ndiyo mali yake. Meseji za usiku zibaki kwenye ile yenye ufa, juu ya meza ya sebuleni, na chaja yake hapohapo. Mkiamua kuiuza, iuzeni pamoja, na pesa azishike yeye. Mkienda kutafuta nyingine msiulize hezi za kupangusa. Ulizeni kioo ni LCD au OLED. iPhone 11 na SE, kwa mfano, ni za LCD, na Android nyingi za bei ya chini bado ni hivyo, japo LCD nazo chache hupepesa, kwa hiyo kalamu ihusike. Mkipenda OLED, zipo kampuni zinazotangaza kasi kubwa ya kuwaka na kuzima, kama Honor iliyotoa Honor 90 mwaka 2023 ikiwa na hezi 3,840. Usinunue kwa namba ya kwenye boksi. Mwombe muuzaji akuruhusu kuingia nayo kwenye kona yenye giza, shusha mwangaza, punga kalamu, kisha soma chochote kwa dakika 20 bila kuona haya. Akikuharakisha, toka, maduka ni mengi.

Nenda na fundi wako wa Nyakato. Mwache yeye ndiye apunge kalamu mbele ya wauzaji, atalipenda zoezi hilo kupita kiasi.

Niandikie ulichokiona mlipozima taa. Na kile kitenge cha mistari kipunguzie bei kitoke, usikipange tena mbele ya macho yako.

Shangazi